Saa Yenye Chumvi

Saa nane kamili mchana. Hiyo ndiyo saa iliyoandikwa kwenye kadi ya sherehe ya kuniaga, mwezi uliopita, na saa nane kamili nilikuwa ukumbini nimevaa suti. Tulikuwa wawili, mimi na mama wa mapambo. Aliniuliza kama mimi ndiye fundi wa umeme. Sherehe ilianza jua likiwa limeshapoa. Wazungumzaji wanne walinisifu kwa kujali wakati, na wa tano, aliyepangiwa kunisifu kwa jambo hilohilo, alikuwa bado njiani. Nikazawadiwa saa ya ukutani. Haikuwa na betri.

Baada ya sherehe, dada wa utumishi aliniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya watumishi wapya, kuhusu umuhimu wa kuwahi kazini. Alitaka azipate Jumatatu asubuhi. Nimezileta Jumatatu asubuhi nikaziacha kwa mlinzi. Kama unazisoma, basi dada naye amefika.

Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo nilipata viwili, vyote vilichelewa, kwa hiyo havifai kuwa mfano katika andiko la namna hii.

Niliingia kazini Dodoma nikitokea Kondoa, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na sanduku moja la bati. Niliajiriwa kuwa mhudumu wa chumba cha baridi katika kituo cha mifugo, yaani mtu wa kutunza chanjo. Barua ilisema niripoti saa moja na nusu asubuhi. Ulikuwa mwezi wa sita, na wageni wa mji huu wajue kwamba Dodoma mwezi wa sita ina upepo unaopita kwenye koti kama hukuvaa kitu. Mlinzi aliniona nimesimama getini akaniuliza kwa upole kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, naanza kazi leo. Akanitazama kwa huruma ileile aliyokuwa ameiandaa kwa ajili ya msiba.

"Kaa hapo kwenye jua, ndugu yangu," akasema. "Watu wanaanza kuja wakishaota moto majumbani kwao."

Nilikaa. Baadaye sana niligundua kwamba ndani kulikuwa na mtu muda wote ule. Alikuwa Bi Mwanahawa, mkuu wangu wa chumba cha baridi, ambaye alikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma na alikuwa ameshafika kabla yangu. Nilimuuliza mlinzi kwa nini hakuniambia. Alijibu kwamba alidhani nasubiri watumishi, na yule ni wa mafriji.

Bi Mwanahawa alikuwa Mrangi mwenzangu, mfupi, mchache wa maneno, mwenye kanga mbili za kazini zilizopokezana kwa wiki. Mafriji yetu wakati huo yalikuwa ya mafuta ya taa. Mtu asiyeyajua atashangaa kwamba moto unaweza kuleta baridi, na mimi nilishangaa kwa muda usiopungua mwezi. Alinifundisha kukata utambi uwe sawa pande zote, kuinama na kutazama mwali: ukiwa wa buluu friji lina afya, ukiwa wa njano litatoa moshi na kesho asubuhi utakuta chanjo zimepata joto. Kipimajoto kilisomwa asubuhi na jioni, kila siku, pamoja na Idi na Krismasi. Siku moja ya Ijumaa nilimwomba niwahi kutoka, nisome kipimajoto mapema kidogo. Hakugeuka hata kunitazama. "Friji halijui kama leo ni Ijumaa," alisema, na huo ndio uliokuwa mhadhara wake mrefu kuliko yote.

Mengine nilijifunza mwenyewe kutoka kwenye vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya chanjo. Vilikuwa vya Kiingereza. Nilikuwa na kamusi iliyopotelewa na kurasa za mwisho, ndiyo maana nilifahamu majina ya magonjwa kadhaa ya kuku kabla sijajua maji huitwaje kwa Kiingereza. Katika vikaratasi hivyo nilijifunza jambo moja ambalo naomba mlishike, kwa sababu habari yangu yote inasimama juu yake. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe huja ikiwa kavu, imeganda chini ya chupa kama ukoko. Ikiwa kavu na ikiwa kwenye baridi, itakungoja. Ukishaichanganya na maji yake, una kama saa moja ya kuidunga. Ikipita hapo unadunga ng'ombe maji, na ng'ombe hatalalamika, atakufa tu wakati wake ukifika.

Basi mimi, mtu mwenye kazi ya namna hiyo, nikajikuta katika ofisi yenye chumvi.

Niwaeleze. Mkuu wa kituo akitaka watu saa nne, aliandika barua ya saa mbili, ili watakapochelewa wafike saa nne. Watu hawakuwa wajinga. Walijua barua ya saa mbili maana yake saa nne, na kwa kuwa mtu mzima hafiki mapema kama mpishi, walifika saa tano. Barua iliyofuata ikaandikwa saa moja. Sisi tuliita jambo hili chumvi. Mtu akipokea barua ya mkutano hakuuliza ajenda, aliuliza, "Hii ina chumvi kiasi gani?" na mwenzake mzoefu aliigeuza karatasi, akatazama sahihi ya aliyeiandika, akajibu, "Huyu? Ongeza masaa mawili." Kiwango cha chumvi kilitegemea cheo cha mwandikaji. Mgeni rasmi peke yake hakuwekewa chumvi, kwa ajili ya heshima. Yeye aliambiwa saa ya kweli, yaani saa ambayo wengine wote wangekuwa wameshachoka.

Msidhani wenzangu walikuwa wavivu. Kuchelewa bila kuonekana ni kazi, na waliifanya kwa bidii. Kulikuwa na utaratibu wa koti. Ulikuja na koti la pili, ukalitundika kwenye mgongo wa kiti, ukaacha miwani juu ya faili lililofunguliwa, ukaenda shambani kwako. Aliyekuulizia aliambiwa hujaenda mbali, kwa maana koti lako lipo. Mgeni mmoja kutoka makao makuu alitutembelea asubuhi akakuta makoti saba na mtu mmoja, ambaye ni mimi. Taarifa yake ilisema mahudhurio ya kituo ni ya kuridhisha.

Baadaye wizara zilihamia Mtumba, nje ya mji, na mji ukapata foleni. Kabla ya hapo mtumishi wa Dodoma alichelewa kwa juhudi zake mwenyewe, bila msaada wowote. Mimi nakaa Nzuguni, upande huohuo wa barabara, na kwa miaka hii nimeichunguza foleni hiyo. Ina tabia moja ya ajabu. Huwakamata zaidi watu wanaoishi jirani na ofisi.

Mwisho ililetwa mashine ya alama za vidole. Siku ya kuifunga tuliambiwa kuchelewa kumekwisha. Kweli, saa moja na nusu paliundwa foleni mpya pale mlangoni, kila mtu na kidole chake, na saa moja na dakika arobaini ofisi ilikuwa tupu kwa sababu wenye vidole walikuwa wamerudi kwenye chai. Mashine ilihitaji kidole tu. Mwenye kidole haikumuulizia.

Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Daktari Rehema.

Alikuja akiwa bado kijana, daktari wa mifugo, ajira yake ya kwanza. Alikuwa katika muda wa majaribio, yaani mwaka mmoja ambao mwisho wake mkuu wa kituo anaandika kama uthibitishwe kazini au urudi ulikotoka. Mkuu wetu wakati huo alikuwa Bwana Lukindo, mtu mwenye sauti nzuri na mwandiko mzuri, mpishi mkubwa wa chumvi. Daktari aliniamkia shikamoo kila asubuhi saa moja na nusu, kwa sababu ndiyo saa iliyoandikwa kwenye barua yake ya ajira. Wiki ya kwanza nilidhani ni ugeni. Wiki ya sita nikaanza kumhurumia. Mdogo wake wa mwisho alikuwa chuoni akimtegemea yeye, na kwa kuwa aliniambia mwenyewe, nilijua kwamba kazi ile hakuwa nayo ya pili.

Mwaka huo homa ya mapafu iliingia upande wa Kibakwe, kule kwenye vilima vya Mpwapwa. Karantini ikawekwa, mnada wa mifugo ukafungwa, na wafugaji wakawa na ng'ombe wasioweza kuuzika hata mmoja. Ili mnada ufunguliwe, ng'ombe wachanjwe. Jambo rahisi. Lakini chanjo haikuweza kuanza bila uzinduzi, na uzinduzi hauwezekani bila mgeni rasmi kumdunga ng'ombe wa kwanza mbele ya wapiga picha.

Bwana Lukindo akaandaa barua tatu. Wafugaji waliandikiwa saa kumi na mbili alfajiri, maana alisema wafugaji ni watu wa kuchelewa. Sisi watumishi tuliandikiwa kuanza kazi saa moja na nusu. Mgeni rasmi, ambaye hawekewi chumvi, aliandikiwa saa tano. Nilimtolea Daktari hesabu hiyo tukiwa safarini. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza kama ipo barua ya nne kwa ajili ya ng'ombe.

Tulilala Kibakwe. Barafu kwenye kasha letu la baridi ilikuwa ya siku mbili, na moja ndiyo hiyo tuliyoilala. Alfajiri tulipofika kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, wafugaji walikuwa wameshafika wote. Mkuu alikuwa amewakosea. Walikuwa wamekuja saa kumi na mbili, na ng'ombe mia nne na ushee, wamebanana, wanapumua mvuke kwenye baridi ya vilimani. Aliyewasemea alikuwa Ndahani, Mgogo mrefu mwenye fimbo na koti la jeshi lililochakaa. Alituamkia mbukwenyi, tukaitikia, akauliza mbona hatuanzi.

Daktari akampigia mkuu simu. Mtandao ulipatikana juu ya jiwe moja tu, kwa hiyo sote tulisimama pale chini yake na simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje.

"Mkuu, shikamoo. Ng'ombe wapo na watu wapo. Tuanze?"

Mkuu alisema tusubiri, wako njiani.

"Mko njiani wapi, mkuu?"

"Tumeshatoka."

"Mmetoka wapi?"

"Daktari, nimesema tumeshatoka."

Nyuma ya sauti yake nilisikia kijiko kikizungushwa ndani ya kikombe. Gari la ofisi lilikuwa na vitu vingi, kikombe hakikuwa kimojawapo. Simu ilipokatika nilimweleza Daktari, kama mtu mzima, kwamba neno njiani lina madaraja. Lipo njiani la mtu aliye barabarani, lipo la mtu anayetafuta viatu, na lipo la mtu aliyekunywa chai nusu kikombe. Hili la leo lilikuwa la tatu.

Ndahani alikuwa amesikia yote. Akaja akasimama mbele ya Daktari, akaegemea fimbo yake.

"Daktari, barua ilisema saa kumi na mbili. Mimi nimeamka saa tisa. Hawa ng'ombe hawajui kusoma. Wangejua, ningewapa barua waisome wakisubiri."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba ni kiangazi, wanapata maji kwenye visima vya kuchimba mchangani, kule korongoni, na kila mtu ana zamu yake. Zamu yake ni saa sita. Akichelewa, anayemfuata anaingiza wake, na ng'ombe zake watakunywa kesho. Kutoka pale hadi korongoni ni mwendo. Kwa hiyo saa tatu anaondoka, wamechanjwa au hawajachanjwa, na wenzake vilevile.

"Hakuna nafasi kidogo hapo?" nikamuuliza, nikiwa na maana ya chumvi.

"Kisimani?" Alinitazama kama nimemuuliza kama maji hupanda mlima. "Mzee, kisimani utapigwa fimbo."

Nikiri kwamba nilihisi wivu. Miaka yote hiyo serikalini, na chombo pekee kilichofanya kazi kwa saa ya kweli kilikuwa shimo la mchanga.

Daktari alitazama saa yake. Ilikuwa saa moja na nusu. Aliniambia nichanganye chupa za kwanza. Nilimvuta pembeni, kwa sababu kifuniko cha kasha kilikuwa mkononi mwangu na yeye angeweza kuwa binti yangu. Nikamwambia tukianza bila mgeni rasmi hatutasamehewa. Nikamwambia vilevile kwamba tukichanganya tukasubiri, tutamwaga, na tusipochanganya, saa tatu ng'ombe wataondoka na kesho hatuna barafu. Nilimweleza pande zote kama ninavyozijua. Kisha nikamkumbusha la mwisho.

"Daktari, bado hujathibitishwa."

"Najua, mzee," akasema. "Changanya."

Nikachanganya.

Wale ambao hamjawahi kuchanja ng'ombe mia nne niwaambie kazi ilivyo. Kuna kibanio, ujia mwembamba wa magogo ambamo ng'ombe huingia mmoja nyuma ya mwingine hadi ujia ujae. Mnafunga nyuma na mbele. Mmoja anadunga, mmoja anapaka alama ya rangi ili asidungwe mara mbili, mmoja anabadili sindano, na mimi nashika chupa ndani ya barafu na kuitangazia hadhara imebakisha muda gani. Ukimaliza ujia mmoja unafungua, wanatoka wakikimbia, mnajaza tena. Nilichanganya chupa chache kwa kila ujia, hakuna hata moja iliyokaa. Wafugaji walisukuma wenyewe bila kuambiwa. Kuna ng'ombe mmoja aliyemkanyaga dereva wetu, naye akatumia lugha ambayo haimo katika miongozo ya utumishi. Saa tatu ilipofika walikuwa wamebaki wachache, Ndahani akasema hao wamalizwe haraka, na mara vumbi likainuka wote wakashuka kuelekea korongoni. Zikabaki chupa tupu, kinyesi, na kimya.

Halafu sherehe ikaanza kufika. Lilikuja turubai. Vikaja viti vya plastiki, kipaza sauti, akina mama wa chakula na sufuria zao, na kikundi cha ngoma. Mshereheshaji alijaribu kipaza sauti akasema moja mbili tatu, moja mbili tatu, mbele ya josho tupu. Saa nne akatokea Bwana Lukindo, aliyekuwa njiani tangu asubuhi. Alishuka, akatazama kibanio, akatazama chini yake, akatutazama sisi.

"Ng'ombe wako wapi?"

Daktari akamwambia wamechanjwa wote na wamekwenda kunywa maji.

"Nani amewaruhusu wanywe maji?"

Ni swali ambalo mpaka leo sina jibu lake.

Mgeni rasmi alifika saa tano kamili. Nasema hivi kwa haki yake: aliambiwa saa tano, akafika saa tano, wala hakuwa mtu mbaya. Siku ile walikuwepo waliowahi wengi sana, wafugaji, Daktari, ng'ombe na mgeni rasmi, ila hawakukutana. Akakalishwa mbele. Ngoma ikachezwa. Bwana Lukindo akamnong'oneza mshereheshaji, ngoma ikachezwa tena. Wakati huo dereva wetu, aliyekuwa akichechemea, alikuwa ametumwa na gari kwenda korongoni kuazima ng'ombe mmoja.

Ndahani, kama alivyotusimulia dereva, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akauliza maswali ya msingi. Ng'ombe yule akiondoka sasa hivi, atapoteza zamu ya maji. Nani analipa zamu? Dereva akasema ni kwa ajili ya serikali. Ndahani akasema basi hakuna tatizo, serikali ilipe. Walipatana shilingi elfu thelathini, zikatoka kwenye mfuko wa Bwana Lukindo kwa njia ya simu, baada ya dereva kupanda kilima kutafuta mtandao. Ng'ombe alipatikana, maksai mpole, mwekundu, akapandishwa kwenye gari la ofisi akiwa na alama yetu ya rangi kwenye paja. Akina mama wa chakula waliifuta kwa mafuta ya kupikia.

Daktari alikataa kumdunga mnyama mara ya pili. Alisema wazi, mbele ya mkuu, na mkuu alikuwa amefika mahali pa kutobishana. Basi nilijaza bomba la sindano kwa yale maji ya kuchanganyia, matupu, safi, ya baridi, nikamkabidhi mgeni rasmi kwa mikono miwili. Alidunga vizuri kabisa. Watu wakapiga makofi, vigelegele vikapigwa, maksai akageuza shingo akamtazama. Katika picha iliyotoka wanaonekana wote wawili wakiwa na uso wa kutafakari.

Kisha mgeni rasmi akahutubia. Aliongea kuhusu wakati. Alisema wakati ni mali, na kwamba maendeleo ya mfugaji yanacheleweshwa na mazoea ya kutojali muda. Wafugaji hawakuwepo kumsikia, walikuwa kwenye zamu yao. Aliongea mpaka ugali ukapoa.

Karantini iliondolewa na mnada ukafunguliwa. Hilo lingetosha kuwa mwisho wa habari kama sisi tungekuwa wafugaji. Sisi ni watumishi, kwa hiyo Daktari alipewa barua ya kujieleza. Kosa liliandikwa kwa mwandiko mzuri wa Bwana Lukindo: kuanza shughuli ya serikali kabla ya wakati. Ikaundwa kamati ya watu watatu. Ilikuwa imebaki miezi miwili muda wake wa majaribio uishe, na Bwana Lukindo alisema waziwazi kwamba hataandika neno la kumthibitisha hadi kamati imalize. Siku zile Daktari aliendelea kunisalimia saa moja na nusu, lakini alikonda. Aliniuliza mara moja kama najua mahali wanapotafuta daktari wa kuku. Nikamwambia aulize kesho.

Kamati iliitwa saa tatu, ikaketi saa sita. Mimi niliitwa kuwa shahidi, nikakaa kwenye benchi mlangoni, na mlango haukufungwa kwa kuwa ndani kulikuwa na joto. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima wa makao makuu, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Daktari, ulianza kazi saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Na barua ya kazi ilisema muanze saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

Mwenyekiti akaandika. Akasoma alichoandika. Akabadili kalamu.

"Sasa, kwa nini ulianza mapema?"

Daktari akajibu, kwa heshima zote, kwamba angeomba aonyeshwe saa aliyopaswa kuanza, na imeandikwa wapi. Wakamgeukia Bwana Lukindo. Bwana Lukindo akasema kila mtu anajua. Mjumbe mmoja, mwanamke, akamwuliza anajua nini. Naye akaanza kueleza chumvi, mbele ya kamati ya serikali, kwa sauti yake nzuri. Alieleza kwamba saa moja na nusu maana yake ni saa tano isipokuwa kwa wafugaji, ambao kwao saa kumi na mbili maana yake ni saa mbili, ingawa siku ile ilitokea kwa bahati mbaya kwamba maana yake ikawa saa kumi na mbili. Yule mama alimwomba arudie ili aandike. Alirudia. Ya pili haikufanana na ya kwanza.

Nilipoitwa niliulizwa chanjo ingemwagwa kiasi gani kama wangesubiri. Nikasema yote, na karantini ingeendelea. Wakauliza thamani yake. Nikaanza kuitaja, mwenyekiti akaninyamazisha kwa mkono. Alieleza kwamba kamati imepewa kazi ya kuchunguza hasara, na hasara ambayo haikutokea haina fungu la kuandikwa.

Uamuzi ulitoka wiki mbili baadaye. Kamati ilipitia kanuni zote ikaona hakuna, kwa sasa, kanuni inayomkataza mtumishi kuanza kazi kwa saa iliyoandikwa. Ikaagiza Daktari athibitishwe kazini, na Bwana Lukindo akaandika hivyo. Lakini kamati haiwezi kukaa mara mbili ikatoka mikono mitupu. Ilibaini kwamba ng'ombe wasingeondoka mapema, kusingekuwa na haja ya kukodi ng'ombe. Gharama hiyo ikabebeshwa Daktari.

Alilipa siku hiyohiyo, noti tatu za elfu kumi, dirishani kwa mhasibu. Akaomba risiti. Mhasibu hakujua aandike malipo ni ya nini, akampigia Bwana Lukindo, akasikiliza, akaandika. Daktari alinipa nakala yake. Ipo nyumbani Nzuguni, ndani ya kamusi isiyo na kurasa za mwisho, na inasomeka hivi: Hasara iliyotokana na kuwahi, shilingi elfu thelathini tu.